Mpishi Asiyeonja

Mume wangu alipostaafu nilimwombea apumzike. Dua ilijibiwa nusu: yeye alipumzika, mimi nikachoka. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni tangu ujana wake, amezoea kuamka alfajiri na kuamrisha watu, na sasa hakuwa na wa kumwamrisha ila mimi. Alipanga upya makopo yangu. Alinifundisha kufagia, mimi niliyemlelea watoto wanne. Nilikuwa nikimtuma dukani akanunue viberiti hata kama vimejaa kabatini, ili mradi nipumue kidogo.

Kisha likaja gonjwa, tukaambiwa tukae ndani, na mimi nikakosa pa kumtuma.

Aliyeugua ni mimi. Sitaki kuyasimulia sana: nililala, nikakohoa, nikapona. Yeye alihamia sebuleni, akawa ananiachia chai mlangoni, anagonga na kutimua mbio kama mtoto mtundu. Nilipoinuka kitandani miguu haikuwa na nguvu, na pua na ulimi vilikuwa vimekufa ganzi. Kitunguu kinakaangwa, mimi sisikii kitu. Chai ikawa maji ya moto tu. Ungenipa ndizi na sabuni, ningezitofautisha kwa meno.

Daktari alituambia kwa simu kwamba wengi hurudiwa na ladha, ila wapo wanaobaki hivyo hivyo. Akasisitiza nile hata kama sitaki, kwa maana nilikuwa napungua. Kweli nilipungua. Magauni yalinipwaya, na pete ya ndoa niliizungushia uzi isije ikadondoka. Niliogopa sana. Ukifika umri wetu starehe zilizobaki si nyingi, na mimi ile ya kula ndiyo niliyoitegemea.

Hapo ndipo mzee alipoingia jikoni. Tangu tuoane hakuwahi kunipikia hata yai, akisema kazi haiji naye nyumbani. Sasa alivaa aproni yangu ya maua, akatupia taulo begani, akatangaza kwamba atanipikia mpaka ulimi wangu uone aibu urudi.

Tatizo ni kwamba alijua kupikia wanafunzi mia tatu, na sisi tulikuwa wawili. Maharage aliyoloweka mara ya kwanza yalivimba yakamwagika kwenye beseni mpaka sakafuni. Tuliyakula asubuhi, mchana na jioni, na yaliyobaki tukampitishia jirani yetu juu ya ukuta. Jirani huyo ni fundi saa, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole asiyeweza kukataa kitu. Bakuli lilirudi limeoshwa, na shukrani juu yake, kwa hiyo mzee akawa anampelekea kila alipopika.

Mambo yakamkolea. Alinoa visu vyote vya nyumba. Alikata karoti zikawa maua, akidhani jicho litausaidia ulimi. Alipiga mluzi tangu asubuhi na suala la ufagio akalisahau kabisa, nami nikashukuru. Lakini kila mlo aliketi mbele yangu, akakisindikiza kijiko changu kwa macho mpaka mdomoni, akauliza swali lile lile.

"Leo je?"

"Bado."

Basi anakusanya vyombo, anakwenda kuviosha kanipa mgongo, na mabega yake yananiambia jinsi neno hilo lilivyomwingia. Mara nyingine nilitaka kumdanganya. Nilishindwa kwa sababu angeniuliza nimesikia ladha ya nini, naye si mtu wa kuridhika na jibu la juu juu.

Chakula chake mwenyewe alijipakulia kabla ya kutia chumvi, kwa ajili ya presha. Na kuonja, haonji. Kule shuleni mpishi aliyekutwa akionja alihesabiwa mwizi wa nyama. Kuonja ilikuwa kazi ya mwalimu wa zamu, na mkono wa mpishi ulikaa mbali na mdomo wake. Kwa hiyo maharage aliyapunguza, lakini chumvi aliendelea kuitia kwa konzi kama zamani. Nilimwona kwa macho yangu. Sikujali, maana kwangu konzi na punje vilikuwa kitu kimoja.

Mchana mmoja akaniletea wali na maharage. Kijiko cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, nikahisi ulimi unaniwasha pembeni. Cha tatu nikakitema mezani. Machozi yakanitoka, na yeye akaruka kutoka kitini akidhani nimepaliwa, akaanza kunipiga mgongoni.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Mkono wake ukasimama. "Umesemaje?"

"Chumvi imezidi, mzee. Hakiliki. Umenipikia bahari."

Akataka kujua imezidi sana au kidogo, na kama maharage yenyewe nayasikia. Nikachota tena nihakikishe, kisha tena. Kilikuwa chakula kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutia mdomoni, na sikuweza kukiacha.

Tulimwita jirani ukutani. Alivaa barakoa yake kwanza, akasikiliza, akainamisha kichwa.

"Shemeji, mimi nilikuwa nayaosha maharage yake," akakiri. "Nayachemsha upya. Ningemwambiaje, na vile alivyokuwa akipiga mluzi?"

Mpishi mwingine angejificha chumbani kwa aibu. Mume wangu alitafuta miwani, akatafuta simu, akampigia binti yetu mkubwa. Safari zilikuwa zimezuiwa, na kila alipotupigia binti huyo alikata simu haraka ili tusimsikie akilia. Mzee alisimama katikati ya jikoni, aproni kiunoni, sauti inamtetemeka kwa furaha.

"Mwanangu, kaa chini kwanza. Mama yako anasema chakula changu hakiliki."

Kisha akanisukumia simu ili nimwambie mwenyewe.