Samaki Hakubaki Nyuma

Miaka nenda miaka rudi wahadhiri wawili walitumia chumba kimoja pale chuoni, meza zao zikitazamana kama mawakili wa pande mbili. Sasa jengo lilikuwa linabomolewa, na mwenye meza ya dirishani alikwisha kufariki. Bibi Ushahidi, mhadhiri mstaafu wa historia ya sayansi, alikuwa akifunga vitabu vyake kwa kamba. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, maana neno halikumpita bila yeye kuuliza ushahidi wake.

Binti wa marehemu, fundi cherehani, alikuja kuchukua vitu vya baba yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Vumbi ndilo mwenyeji humu."

Binti alikwenda moja kwa moja kwenye ubao uliobandikwa wanyama wa karatasi.

"Samaki huyu nilimpaka rangi mimi, nikiwa mdogo," alisema taratibu. "Lakini walikuwa mstari mmoja kwenye bango. Samaki, mjusi, nyani, na mtu mbele yao. Nani kawakata?"

"Baba yako."

Bibi Ushahidi aliketi juu ya fungu la vitabu. Alimwona kaka yake wa kazini kama yupo vile, kikombe mkononi, akitetea bango lake: uhai umepanda ngazi, na binadamu ndiye kafika juu.

"Kila siku tulibishana," alimwambia binti. "Namwambia, kaka, samaki wa leo si babu yako, ni binamu yako. Naye amekuwa akibadilika muda wote ambao wewe umekuwa ukibadilika. Ananijibu, mbona binamu huyo hajafungua chuo? Namuuliza, na wewe mbona huwezi kupumua majini?"

Binti alicheka, cheko lile lilikuwa la baba yake mtupu.

"Ikawaje?"

"Likizo moja akazama kwenye maandishi ya wataalamu wa kale. Aliporudi, alisimama mbele ya darasa akasema, ngazi hii watu waliichora karne nyingi kabla ya yeyote kuzungumzia mageuko ya viumbe. Mimi nimewapandisha wanyama tu juu ya ngazi niliyoikuta. Akachukua mkasi, akalikata bango, akawaambia wanafunzi walipange upya kama mti. Tangu siku hiyo wakamwita Kinyonga, na jina akalipenda."

"Na samaki wangu?"

"Huyo hakumwachia mtu. Alimbandika mwenyewe, kwenye ncha ya tawi lake, usawa mmoja na yule mtu wa karatasi."

Binti alipitisha kidole pembeni mwa karatasi, pale gundi ilipokauka ikawa manjano.

Waliuteremsha ubao pamoja, wakautoa kwa ubavu mlangoni, wakielekezana: inua, legeza, taratibu. Nje, binti aliufunika kwa kitambaa. Bibi Ushahidi aligeuka, akautazama kupitia mlangoni ukuta uliobaki mtupu.

"Unajua ninachokosa, mwanangu? Si chumba. Ni mtu wa kunibishia."

"Mimi ni fundi wa nguo, shangazi. Sayansi siijui."

"Ubishi hauhitaji shahada. Njoo kwangu Jumamosi tunywe chai."

Jumamosi ilipofika, binti alibisha hodi, akavua viatu, na kabla hajakaa akasema, "Shangazi, nimefikiri. Kama hakuna ngazi, mbona sisi binadamu peke yetu ndio tunaouliza maswali?"

Bibi Ushahidi alimvutia kiti, akitabasamu. "Ushahidi wako uko wapi kwamba wengine hawaulizi?"