Dawa Isiyobagua

Kila jioni Ibtihal alirudi nyumbani mjini Mahalla na harufu ya maabara kwenye nywele, na baba yake, Haji Abdusattar, akisikia tu ufunguo mlangoni alianza uchokozi wake.

"Karibu daktari wa mdalasini! Leo umepika nini?"

"Kile kile, baba."

"Marehemu mama yako alikuwa anautia kwenye maziwa ya moto, mafua yanakwisha. Na hakuwa na shahada hata moja."

Ibtihal alicheka kwa pua, akajitupa kwenye kochi. Kazi yake chuoni Mansura ilikuwa kuchukua asidi iliyomo katika mdalasini na kuiunganisha na vipande vya kemikali nyingine, kipande huku, kipande kule, kisha kutazama kila umbo jipya litavifanya nini vijidudu. Mengi hayakufanya lolote. Miaka ilipita hayafanyi lolote. Kisha moja likafanya. Pale alipolidondosha kwenye kisahani cha vijidudu, kesho yake alikuta duara safi, hakijaota kitu. Hata vile vijidudu sugu vya hospitali, ambavyo huzicheka dawa za madukani, vilikufa vyote. Siku hiyo alinunua keki tamu ya basbusa, akamsimulia baba yake, naye Haji akawasimulia wote aliocheza nao dhumna pale mkahawani.

Lililofuata Ibtihal hakulisimulia. Nani hununua basbusa kwa habari mbaya? Aliidondosha dawa ile ile kwenye chembe hai za ngozi ya binadamu zilizokuzwa katika chupa, nazo zikafa vilevile. Ilikuwa dawa isiyobagua.

Haji alikuwa fundi mstaafu wa kiwanda cha nguo, na kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni. Msumari wa kiatu ukamchoma kidole asisikie. Nyumba ilipoanza kunuka ndipo soksi ikavuliwa, na kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Hospitalini walijaribu dawa hii na ile, vijidudu vikakataa zote. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda.

Raafat, kaka yake Ibtihal, akaja kutoka Suez. Akamkuta dada yake kwenye benchi la ukumbini, macho mekundu kwa kukesha.

"Si una dawa wewe? Mzee ametutangazia mpaka masikio yametuuma."

"Haijawa dawa, Raafat. Inaua vijidudu, inaua na nyama."

"Nyama yenyewe si wanaikata? Basi ife kwa dawa yako kuliko kwa msumeno."

"Na ikiingia kwenye damu? Ini je? Figo je?"

"Je, je, je! Umekula vitabu ujana wako wote, leo baba anakuhitaji unatuletea maswali. Hizo chupa zako zina faida gani, basi?"

Ibtihal akainuka, akaingia wodini kwa baba yake. Raafat alipokwenda kuswali alasiri, Haji akamwita binti yake kwa kidole.

"Ibti, sikulazimishi. Lakini anayejua ni wewe. Nipake kidogo tu. Nikifa, nimekusamehe tangu sasa."

Alisema bila mzaha hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja. Maneno ya Raafat angeyameza. Sauti ile ya baba yake hakuweza.

Kesho yake alikwenda Mansura, akafungua kabati, akachota dawa kidogo. Kisha akaketi akiitazama. Mwisho akachukua wembe, akajichanja mkono wa kushoto chini ya kiwiko, akapaka. Kulipokucha ngozi pembeni ya mchanjo ilikuwa imegeuka nyeupe, kisha ikavimba malengelenge kama iliyomwagiwa mafuta ya kukaangia. Hakushangaa, kwani alijua. Alichotaka ni jibu ambalo baba yake angeliona kwa macho.

Akaenda hospitalini, akasimama kando ya kitanda, akakunja mkono wa blauzi. Raafat naye alikuwepo.

"Umefanya nini?" Haji akauliza.

"Nimeipaka dawa yako, baba. Nimeanzia kwangu."

Haji aliutazama ule mkono. Hasira ikampanda.

"Mwendawazimu wewe! Mguu wangu unaoza, na wewe unaongeza mkono? Mnataka nyumba yangu iwe bucha? Nani atanipa maji, ukilala na wewe? Raafat! Usinikodolee macho, kamwite huyo daktari aje akate. Na huyu mpumbavu afungwe bendeji."

Raafat akatoka. Alimwita daktari, akatoa damu ya kumwongezea mzee, akakaa mpaka upasuaji ukaisha salama. Kisha akarudi Suez bila kumuaga dada yake.

Haji aliishi. Majuma ya mwanzo alikuwa akilia asubuhi, akitafuta ndala ya pili. Ibtihal alimsafisha kidonda kwa dawa za kawaida, akambadilisha bendeji, akakimbilia garimoshi la Mansura. Maabarani alikiondoa kipande alichokishuku kuwa ndicho kinachochoma ngozi. Dawa mpya haikuidhuru ngozi. Haikuvidhuru na vijidudu. Akaandika hivyo, akaanza upya.

Mkahawani Haji alipoulizwa habari za dawa, alisema, "Ipo jikoni, haijaiva," akaendelea na dhumna yake.

Ramadhani ikaingia. Siku moja baada ya kufuturu simu ya Haji ikalia, ni Raafat. Akasalimia, akauliza habari za mguu wa bandia, akauliza bei ya nyama Mahalla.

"Mkono wake umepona?" akauliza hatimaye.

"Muulize mwenyewe," Haji akasema, akageuka kumpa Ibtihal simu.

Ibtihal alikuwa ameshalala pale pale mezani, kijiko mkononi, supu ya dengu ikipoa mbele yake.

"Amelala," Haji akanong'ona. "Piga kesho, mwanangu. Lakini upige."