Hamira Hufunikwa

Mwanaima wa Ujiji alikuwa fundi wa maandazi, na fundi hafundishwi hamira. Ndiyo maana Samson alipokuja na pakiti zake kutoka kituo cha utafiti, akakiita kilichomo hamira, mama huyu alimkaribisha barazani kabla wengine hawajamaliza kunong'ona.

"Hii si ya maandazi, mama," alisema Samson. "Ni ya mihogo michungu. Tumeibadilisha maabarani. Kila chembe tumeivisha kimeng'enya juu ya ngozi yake, kwa nje, na hicho ndicho kinachoikata sumu ya muhogo. Changanya na unga na maji, acha mpaka jioni. Huna haja tena ya kuloweka mihogo siku nenda siku rudi. Sumu inatoka yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

Neno zuri hilo, kutoka. Samson hakusema inatokea wapi, na msomi akishasema yenyewe, nani atauliza mlango?

Majirani walipokea pakiti kwa adabu, wakazitupia darini, wakaendelea kuloweka kama bibi zao. Mwanaima walimcheka. Yeye aliwaona washamba. Alifanya alivyoelekezwa, na pale asipoelekezwa akafanya anavyojua: aliufunika unga ndani ya beseni kwa kitambaa, juu yake akabana mfuko wa nailoni, upepo usiingie.

Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, jambo jema kwa samaki. Mumewe, Chande, alishinda nyumbani akishona nyavu zisizo na pa kwenda, na dagaa wachache waliobaki sokoni Katonga walikuwa wa kutazama tu, kwa bei yao. Ikawa ugali wa muhogo na matembele, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Ugali ulikuwa na kauchungu. Chande alilisema hilo mara moja, akajibiwa kuwa uchungu uko mdomoni mwake, kwa kukosa dagaa.

Asia, binti yao wa pekee, aliyekuwa akiwashinda mbio wavulana wa mtaa mzima, ndiye aliyeongezwa ugali kila mara, maana ndiye aliyekuwa anakua. Asubuhi moja alitaka kushuka kitandani, miguu ikakataa. Haikumuuma. Ilikakamaa tu, visigino havigusi chini. Hospitalini, daktari aliuliza wanakula nini, na kwa muda gani. Kisha akasema sumu ya muhogo imeharibu mishipa ya fahamu. Wakiacha haitazidi, lakini miguu haitarudi ilivyokuwa. Mwanaima alilia mpaka sauti ikakauka.

Samson alipopata habari alikuja na vichupa vya kuchukulia unga wa kupima. Alipoliona beseni na nailoni yake, alisimama palepale.

"Mama, ulikuwa unafunika?"

"Hamira si hufunikwa, mwanangu?"

Samson alichuchumaa, akaeleza kwa sauti ya chini. Sumu ikishakatwa inageuka hewa. Unga ulitakiwa utandazwe kwenye ungo, wazi, kivulini, hewa ipae. Ukifunikwa, sumu inabaki humo humo.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani linajulikana, mama."

"Linalojulikana ni kwamba hamira hufunikwa."

Alitamani kumchukia kijana huyu peke yake, akashindwa, kwa kuwa mikono iliyobana nailoni ilikuwa yake. Hilo lilimuuma kuliko yote. Watoto wa waliomcheka walikuwa wakifukuzana uchochoroni. Mtoto wa aliyetii alikuwa ndani, anajiburuta kuja mlangoni kusikiliza.

Samson alifunga vichupa vyake, akatafuta la kumtuliza mama wa watu.

"Angalau hamira yenyewe haina tatizo," alisema. "Inafanya kazi vizuri. Ni kosa dogo tu la matumizi. Tutaliandika kwenye pakiti mpya."

"Dogo," alisema Mwanaima. "Haya. Asia huyo hapo mlangoni. Mwambie asimame, alione."