Mhuri Juu ya Boneti

Mama Dobi alifua mashuka ya watu akiwa pekupeku kwenye zege lililolowa, hatua tatu kutoka kwenye gari la mwenye nyumba. Gari hilo lilikuwa na jenereta yake ndani, na tangu transfoma ya mtaa ilipoungua, ndilo lililowasha vyumba vyote kumi.

Mwanzoni jenereta ilijizima kila ilipounganishwa na nyumba. Fundi wa kwanza alieleza kwamba swichi ya usalama inafanya kazi yake. Iwekwe swichi ya kubadilishia umeme, na waya wa ardhini usiguswe, maana ndio unaozuia bodi la gari kushika umeme. Mwenye nyumba akamwona mjuaji, akamtimua. Wa pili hakuwa na maneno mengi. Alikata ule waya wa ardhini, wa kijani na njano, akaunganisha umeme bila kupitia swichi ya usalama, taa zikawaka. Wapangaji wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo gari liling'ata. Mama Dobi aliugusa mlango wake kwa mkono uliolowa, akafa ganzi hadi begani. Mwenye nyumba alicheka, akasema gari limekalia matairi ya mpira, sasa umeme utapitia wapi? Utapitia kwangu, alimjibu. Na mjukuu wake ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akishikilia chochote kilicho mbele yake. Ikabidi bibi afue siku nzima amembeba mgongoni, kiuno kikimwaka moto.

Alikwenda ofisi ya umeme mara tatu ndipo mkaguzi akaja, na viatu vyake vya soli nene. Gari lilikuwa limezimwa. Aliweka mhuri wake wa kugongea fomu juu ya boneti, akanywa soda aliyokaribishwa, kisha mwenye nyumba akaingia garini, akawasha, akashuka. Mkaguzi hakufungua kifuniko hata kimoja. Mama Dobi alimwonyesha waya uliokatwa, unaning'inia kama mkia wa panya. Mkaguzi akasema siku hizi kila mpangaji ni injinia, kisha akaandika kwenye fomu: salama.

Akanyoosha mkono kuelekea boneti auchukue mhuri. Mkono ukasita njiani, ukarudi mfukoni.

"Mama, hebu nipe huo mhuri."

Mama Dobi alitazama miguu yake, maji yakipita katikati ya vidole. Akakaza kanga iliyomshika mtoto.

"Si umeandika salama, baba? Uchukue."

"Usilete jeuri hapa," mwenye nyumba alisema. "Mwisho wa mwezi utahama."

"Nitahama. Basi mpe wewe. Gari si lako?"

Wapangaji walikuwa wametoka milangoni. Mwenye nyumba angeweza kulizima, lakini ufunguo ulikuwa ndani, na mlango ulikuwa wa chuma. Aliangalia viatu vyake, akaangalia vya mkaguzi. Jenereta iliendelea kunguruma, na mhuri ukakaa pale pale, wanaume wawili wakiuzunguka kwa macho.