Kamba ya Nguo na Lobelia za Mama Mkwe

Mama mkwe aliniachia kazi moja tu alipokwenda kupasuliwa macho: lobelia zake. Vyungu vitano, vimepangwa uani kando ya ukuta wa jikoni, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho kwa miaka miwili, hata maua hayo akawa anayaona ya kijivu na kumlaumu aliyemuuzia mbegu.

"Nikimaliza macho yote mawili nikarudi," aliniambia, "nataka niyaone hayo kwanza, kabla ya sura zenu."

Nikaahidi. Mimi na mdomo wangu.

Siku ile ile nikahamisha kamba. Kitinda mimba wangu ana miaka minne na hulowesha kitanda, kwa hiyo kila uchao mimi nafua shuka, na kila uchao shuka hilo lilichuruzika juu ya maua ya watu. Niliyaonea huruma. Kamba nikaifunga upande wa pili wa ua, vyungu vikabaki vinaota jua asubuhi hadi jioni, nami nikajipongeza kwa akili zangu. Maji nilivipa kila nilipokumbuka, na msusi mwenye wateja hakumbuki mara nyingi.

Wiki ya pili majani yalikuwa ya kahawia na maua yote yamepukutika. Niliogopa. Mwanamke huyu alinipokea bila maswali nilipoingia kwake na begi moja, na kitu pekee alichowahi kuniomba nilikuwa nimekiua.

Nilibeba chungu kimoja hadi kwa mwenye kitalu cha miche. Alichomeka kidole kwenye udongo, akakitoa kikavu.

"Dada, hizi umezikaanga," alisema. "Jua la asubuhi zinalipenda. La mchana linaziunguza. Na udongo usikauke hata siku moja. Uwe na unyevunyevu, basi, usiwe tope."

"Mbona mama mkwe alikuwa hahangaiki nazo? Hata kumwagilia sijamwona."

"Basi kuna kitu kilikuwa kinamsaidia kumwagilia, nawe umekiondoa. Tena kinazitilia kivuli mchana."

Shuka! Lilianikwa saa tano, likachuruzika mpaka udongo ukalowa, kisha likazikinga lobelia hadi jua linazama. Mama alizipanga pale kwa makusudi, na mimi nikajitia kuzihurumia.

"Ndiyo zimeshakufa?" niliuliza.

"Mizizi ingali hai. Kata nusu, rudisha hicho kitu mahali pake, kisha uwe na subira."

Kukata ndiyo kazi yangu. Nilichukua mkasi wa saluni, nikachuchumaa uani. Mume wangu akasimama mlangoni.

"Unampunguza ncha?"

"Nyamaza. Mteja wangu yu mahututi."

Kamba ikarudi ukutani. Nilifua kama mwendawazimu. Kuna siku mbili mtoto aliamka mkavu. Nikambusu, nikamsifia, kisha nikalitosa shuka safi kwenye beseni. Wiki ya nne majani mabichi yakachomoza, na wiki ya sita nikahesabu maua manane. Manane tu, lakini nilikaribia kuwaita majirani.

Ijumaa asubuhi wifi yangu, aliyekuwa akimuuguza kwake muda wote huo, akamleta mama. Alikuwa amevaa miwani myeusi, na alikataa kushikwa mkono. Alikwenda moja kwa moja uani, akasimama mbele ya vyungu, akavua miwani. Mimi nilikuwa nyuma yake, pumzi nimezibana.

"Kumbe ni buluu," alisema polepole. "Buluu namna hii! Na yule maskini wa mbegu nimemtukana miaka miwili."

Pumzi zikanitoka. Nikamwambia yote palepale: kamba, jua, mkasi. Aliinua mkono akashika pindo la shuka lililokuwa linachuruzika juu ya maua, akalisogeza karibu na uso, akaligeuza huku na huku.

"Mwanangu," alisema, "na hili doa? Miaka miwili yote mnanilaza kwenye mashuka ya namna hii?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji ya shuka, machozi yananitiririka. Mama alikuwa anaona.