Betri ya Dada

Fundi baiskeli alikuwa amebakiza kazi moja tu kabla hajafunga karakana yake: kukaza betri ya baiskeli ya dada yake kwenye keria. Dada huyo, mkubwa wake, alikuwa mkunga, na baiskeli ile ya umeme alipewa na zahanati ili awafikie wajawazito wa mbali. Betri ilikuwa ya kuchomoa, nzito kama mtoto anayeanza kutambaa. Ilitakiwa ikae kwenye reli nyuma ya tandiko, reli ishikwe na skrubu nne, na betri ifungwe kwa komeo la ufunguo.

Matundu ya reli hayakulingana na ya keria. Ilibidi kutoboa mengine, na fundi alikuwa na njaa. Akatia skrubu mbili. Komeo lilikataa kufika mahali pake, akaliacha lizunguke hewani. Kisha akachukua ukanda wa tyubu kuukuu, akauviringisha kwenye betri na keria, akavuta mpaka ukalia.

"Imeshika?" aliuliza dada.

"Dada, hiyo hata tembo haing'oi."

Asubuhi iliyofuata, kwenye mteremko karibu na karakana, betri ilichomoka ikaingia kwenye gurudumu la nyuma. Mkunga alirushwa akaangukia mtaroni, akavunjika nyonga. Fundi ndiye aliyefika wa kwanza. Kabla hajamwinua, aliuokota ule ukanda uliokatika, akautia mfukoni.

"Mdogo wangu," dada alisema huku akisaga meno kwa maumivu, "hivi nilizungusha ufunguo kweli, au nilisahau?"

"Nadhani ulisahau," alisema fundi.

Msimamizi wa zahanati alipokuja kuuliza, fundi alijibu hivyo hivyo, safari hii bila "nadhani". Msimamizi akatikisa kichwa. Mtu anayesahau ufunguo, alisema, ataachiwaje mzazi mwenye uchungu? Mkunga alipotoka hospitali na fimbo yake, baiskeli alirudishiwa kama pole, lakini wajawazito hakurudishiwa. Alipewa kazi ya kukunja mashuka.

Siku ile ile aliyoanza kukunja mashuka, betri ilikwenda kwa fundi. Mke wake aliikuta asubuhi akibandika chai. Ilikuwa imekaa kwenye kiti, mezani, na joto lake lilikuwa la mtoto mwenye homa.

"Betri ya wifi imekuja," alimwambia mumewe.

"Imekuja na nani?"

"Peke yake. Miguu sijaiona, ila imejaa vumbi."

Fundi aliibeba begani akairudisha. Safari hii alitoboa matundu mapya, akatia skrubu nne, akalinganisha komeo, akazungusha ufunguo na kuutikisa. Kazi ilikuwa safi kabisa. Asubuhi betri ilikuwa mezani tena. Kule kwa dada, komeo lilikuwa limefungwa vizuri na reli haikuwa na mkwaruzo.

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila asubuhi kabla ya karakana. Mtaa ulizoea. "Leo imekuchelewesha," kinyozi alikuwa akimwambia, na muuza mkaa akimshauri abadilishe bega. Hakuna aliyemuuliza kwa nini inamfuata yeye, na fundi alitembea akitazama viatu vyake, akiomba mtu amuulize, na akiomba wasimuulize.

Siku moja alimkuta dada yake ukumbini, amenyoosha mguu mbovu juu ya kigoda.

"Imekuzoea," dada alisema akicheka. "Inaujua mkono ulioifunga."

Fundi alijikaza. "Dada, ile siku..." Begani mwake betri iliwasha taa zake zote za chaji.

"Hapana, ngoja mimi niseme kwanza, maana linanikaa kooni." Dada alishusha sauti. "Nisamehe. Ulinifungia kitu kizuri, nikakuharibia jina kwa uzembe wangu. Watu wanaweza kudhani ni kazi yako mbovu. Mimi kila anayeniuliza namwambia, mdogo wangu hana kosa."

Neno lilikuwa pale pale mdomoni mwa fundi, lote, limekamilika.

"Usijali, dada," alisema.

Taa za betri zikazimika moja baada ya nyingine. "Kaa nayo tu," alisema dada. "Mimi sipandi tena."

Tangu siku hiyo betri ilihamia kwa fundi moja kwa moja. Mkewe aliitafutia kitambaa cha kukalia, kwa sababu ya vumbi. Mezani ilikaa kati ya fundi na bintiye, na wakati wa baridi binti aliegemea huko kuota joto.

Binti alipopata baiskeli yake ya umeme ya kwendea chuoni, shangazi alialikwa chakula cha mchana. Alikuja na fimbo yake. Wakasogeza betri kidogo, akakaa.

"Mwanangu," alimwambia binti, "usiwe mzembe kama mimi. Ukishaweka betri, zungusha ufunguo. Mimi sikuzungusha, ona nilivyo."

Binti alimgeukia baba yake, akimngoja yeye aliye fundi athibitishe.

Fundi alimeza tonge lake.

"Msikilize shangazi yako," alisema.