Hakuna Kusimama Mtaa wa Kisima

Kufika saa mbili asubuhi Zulmira alikuwa amekwisha kupiga deki ghorofa tatu za ofisi. Saa nne alisimama uwanja wa kanisa la São Domingos na mwavuli wake wa njano, akiwaita wateja kumi na mmoja waliolipia kutembezwa Lisbon, waonyeshwe walikopita Waafrika tangu enzi za utumwa. Mwenyewe ni Mmanjako wa Guinea-Bissau.

Bráulio, mwenye kampuni, alimvuta pembeni. Ofisi ya kata imeleta barua: Mtaa wa Kisima cha Weusi, hakuna makundi kusimama. Mkahawa wa pale chini umelipia kibali cha kuweka meza njiani, na wateja wake wakisikia habari za maiti waliotupwa kisimani wanaacha kahawa nusu. Wafu, kwa bahati mbaya, hawana kibali.

"Mtapita tu, dada," alisema. "Ukisimama, mimi nafungiwa, na wewe unabaki na ndoo zako."

Zulmira hakubisha. Ni katika kazi hii tu ambapo watu walimwita mwalimu, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kwenye kundi alikuwamo mama mmoja wa Guinea-Bissau kama yeye, Segunda, mtu mzima, aliyepanda mabasi mawili kutoka Amadora. Kanisani alisikiliza, gatini vilevile. Walipoingia mtaa wa kisima Zulmira akaongeza mwendo, akipiga soga za tramu. Mama Segunda akasimama.

"Mwanangu, miaka kumi na tisa nimefagia ngazi za nyumba hizi. Juzi tu ndio naambiwa hapa kuna kisima walimotupwa watu wetu. Ni wapi?"

Mhudumu wa mkahawa aliwatazama, sinia mkononi. Nyuma, Bráulio, aliyekuwa amewafuata, alikohoa. Zulmira alikuwa na jibu lote: mwaka, amri ya mfalme, chokaa iliyomwagwa juu ya maiti. Kila wiki alikuwa akilisema mahali hapo hapo.

"Ni jina tu, mama. Mitaa ya zamani ina majina ya ajabu."

"Jina tu?"

"Jina tu. Tusogee, tunaziba njia."

Mama Segunda akashukuru, tena kwa moyo. Zulmira aliona aibu, lakini miguu iliendelea kutembea.

Mwisho wa safari watu walipiga picha wakatawanyika. Bráulio alimsifu: leo hakuna aliyelalamika. Kwenye kituo cha basi, alikosindikizwa na Zulmira, mama Segunda alifungua mkoba, akatoa kichupa cha kana, pombe kali ya miwa.

"Nilikuja nayo niwamwagie kidogo. Kwetu hupiti kwenye wafu mikono mitupu, unajua mwenyewe. Sasa kama hawapo, Mungu ashukuriwe. Mpelekee mzee wako nyumbani."

Zulmira alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Basi lilikuja, likaondoka na mama Segunda, na yeye alikuwa bado hajamwambia kisima kilipokuwa.